Nani Mdhamini? Historia Fupi ya Dhamana za Injini Nchini Marekani

Tarehe 7 Mei 1955, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Claus Henningsen alinunua gari jipya aina ya Plymouth. Siku ya Akina Mama ilikuwa imekaribia, naye alikusudia gari hilo liwe zawadi kwa mkewe, Helen. Siku 12 baadaye, Bi. Helen alikuwa akiliendesha kwa mwendo wa wastani, takribani kilomita 35 kwa saa, kwenye barabara isiyo na shida yoyote. Ghafla akasikia mlio mkubwa kutoka chini ya boneti, kana kwamba kitu kimepasuka. Usukani ukamzunguka mikononi, gari likakata kulia, likagonga alama ya barabarani na ukuta wa matofali. Lilikuwa limetembea maili 468 tu tangu kutoka kiwandani, yaani kilomita 750 hivi.

Sehemu ya mbele ilipondeka kiasi kwamba hakuna fundi aliyeweza kuonyesha ni kipuri gani kilichovunjika kwanza. Familia ikageukia karatasi za ununuzi. Nyuma ya fomu aliyotia sahihi Bwana Henningsen, ndani ya msitu wa maandishi madogo ambayo mwenyewe hakuyasoma, mlikuwa na dhamana ya mtengenezaji. Ilisema kwamba kampuni itabadilisha kipuri chenye kasoro ndani ya siku 90 au maili 4,000, lolote litakalotangulia. Tena mwenye gari atume kipuri hicho kiwandani kwa gharama yake ya usafiri, na kiwanda ndicho kitakachoamua kama kasoro ipo. Kisha ikaongeza kwamba hiyo ndiyo dhamana pekee, na kwamba dhamana nyingine zote, zilizotamkwa na zisizotamkwa, zimefutwa.

Nisimame kidogo hapa kwa ajili ya neno lenyewe, kwa kuwa historia yote inayofuata imo ndani yake. Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na neno *dhamana* kwanza katika habari za mahakamani: mshtakiwa ameachiwa kwa dhamana. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyejitokeza mbele ya hakimu, akataja jina lake na mahali anapoishi, akakubali kuwajibika kwa mali yake endapo mshtakiwa atatoroka. Mtu huyo huitwa mdhamini, na mahakama haimruhusu kuwa mtu wa kubahatisha. Tunapotumia neno hilohilo kwa karatasi inayokuja na redio, simu au gari, tunabeba pia swali lake la asili: nani amesimama nyuma ya ahadi hii, na ana mali gani ya kuitimiza?

Dhamana ya Bwana Henningsen ilikuwa na mdhamini mkubwa, kampuni ya Chrysler, lakini ilikuwa imeandikwa kumlinda mdhamini dhidi ya mdhaminiwa. Kwenda kwa muuzaji mwingine kusingemsaidia mnunuzi. Watengenezaji wakubwa walikuwa wamekubaliana maneno ya dhamana kupitia chama chao, na kampuni tatu kubwa zilitengeneza zaidi ya asilimia 90 ya magari madogo ya nchi. Aliyetaka gari alichukua masharti hayo au alitembea kwa miguu.

Mei 1960, Mahakama ya Juu ya New Jersey ilitoa hukumu ambayo hadi leo husomwa na wanafunzi wa sheria. Ilisema kwamba anayetengeneza gari na kulitia sokoni huahidi, hata asipoandika neno, kwamba gari hilo linafaa kwa kazi ya gari. Kwamba ahadi hiyo humfikia mnunuzi na jamaa zake, hata kama walinunua kwa wakala na hawakuwahi kukutana na kiwanda. Na kwamba maandishi yaliyojaribu kuifuta ahadi hiyo yanapingana na maslahi ya umma, kwa hiyo hayana nguvu. Wanasheria huita ahadi ya namna hiyo dhamana isiyoandikwa. Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kuwa ni jambo la kigeni. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya, Uganda na Tanzania zilichota kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na sheria za kwanza za mauzo za majimbo ya Marekani zilichota kisima hichohicho.

Mwaka uleule wa 1960 watengenezaji walirefusha dhamana za magari yaliyokuwa yakija, kutoka siku 90 hadi miezi 12 au maili 12,000. Kisha ikaanza mbio. Kwa magari ya mwaka 1963, Chrysler iliahidi miaka 5 au maili 50,000 kwa injini, giaboksi na vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu. Injini ndiyo moyo wa gari na ndiyo yenye gharama kubwa kuliko vyote, kwa hiyo ahadi hiyo ilivuta wanunuzi wengi. Kufikia mwaka 1967 washindani walikuwa wamelazimika kuifuata.

Lakini ahadi ni deni, na deni hili lilikuwa zito kuliko ilivyotarajiwa. Mawakala walilalamika kwamba kiwanda kiliwalipa kidogo kwa kazi za dhamana, kwa hiyo waliwapendelea wateja waliolipa fedha taslimu. Wenye magari walilalamika kwamba walizungushwa, waliambiwa mlio wa injini ni wa kawaida, au walinyimwa haki kwa sababu risiti moja ya kubadilisha mafuta ya injini ilikosekana. Mwaka 1968 watumishi wa Tume ya Biashara ya Shirikisho walitoa ripoti iliyoyaeleza matatizo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni nyingi zilirudi nyuma hadi miezi 12 na maili 12,000. Injini zilibaki zilezile, na hofu ya wenye magari ikabaki ileile. Kilichopungua ni muda ambao kiwanda kilikubali kuibeba hofu hiyo.

Katika pengo hilo ndipo biashara mpya ilipostawi.

Tarehe 4 Januari 1975, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili walioisimamia, Seneta Warren Magnuson wa jimbo la Washington na Mheshimiwa John Moss wa California. Sheria ya Magnuson na Moss haikumlazimisha mtengenezaji yeyote kutoa dhamana ya maandishi. Ilisema kwamba akiitoa, aiandike kwa lugha nyepesi inayoeleweka, na aipe jina la kweli: ama dhamana kamili, ama dhamana yenye mipaka. Watengenezaji wengi wa magari walichagua jina la pili. Ilikataza pia kampuni inayotoa dhamana ya maandishi kufuta dhamana isiyoandikwa, ile ya kesi ya Henningsen. Na ilikataza kumfunga mteja kwa chapa moja ya vipuri: kiwanda hakiwezi kumwambia mwenye gari kwamba dhamana yake imekufa kwa sababu tu alibadilisha mafuta ya injini kwenye gereji ya mtaani au alitumia chujio la kampuni nyingine.

Kifungu kinachotuhusu zaidi ni kile kilichotenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya mpaka leo. Dhamana ni sehemu ya mauzo: imo ndani ya bei ya gari, na mnunuzi hailipii mara ya pili. Ahadi ya kutengeneza gari inayouzwa peke yake, kwa bei yake na kwa muda wake, sheria iliiita mkataba wa huduma, ikataka masharti yake yaelezwe yote, waziwazi na kwa lugha rahisi. Kwa hiyo kile ambacho Wamarekani wengi hukiita dhamana ya nyongeza, ile inayonunuliwa baada ya dhamana ya kiwanda kwisha, kisheria mara nyingi si dhamana hata kidogo. Wauzaji wanalijua hilo vizuri. Wanaendelea kulitumia neno dhamana kwa sababu linaamsha imani ambayo neno mkataba haliamshi.

Inafaa kueleza jinsi mkataba wa namna hiyo unavyofanya kazi, maana ubaya na uzuri wake umo kwenye mpangilio. Mwenye gari lenye umri wa miaka 8, tuseme, anaogopa kwamba injini ikifa atadaiwa maelfu ya dola kwa siku moja. Hofu hiyo ina msingi: mwaka 2024 wastani wa umri wa magari madogo nchini Marekani ulifikia miaka 12.6, muda mrefu kupita dhamana nyingi za kiwanda. Anakubali kulipa fedha kidogo kidogo kila mwezi. Anayempigia simu na kumshawishi huwa ni muuzaji tu, anayeishi kwa kamisheni. Nyuma yake kuna kampuni ya usimamizi, inayopokea madai na kuamua nini kilipwe. Nyuma ya hiyo kuna mwenye wajibu, yaani kampuni ambayo jina lake katika mkataba ndilo linalodaiwa. Na nyuma kabisa, mambo yakiwa sawa, kuna kampuni ya bima iliyokubali kulipa ikiwa mwenye wajibu atashindwa. Kazi hizi pengine hufanywa na kampuni moja, pengine na nne tofauti. Mteja hulijua jina la muuzaji, kwa kuwa ndilo lililo kwenye tangazo la televisheni, ilhali huyo ndiye asiye na deni naye.

Sasa injini inagonga. Gari linavutwa hadi gereji. Fundi hawezi kuanza kazi. Sharti kwanza aipigie simu kampuni ya usimamizi aombe idhini. Kampuni inataka kujua chanzo cha uharibifu, na chanzo hakionekani mpaka injini ifunguliwe. Mwenye gari anaambiwa atoe ruhusa ya kuifungua, na kwamba kama sababu itakayopatikana haimo katika mkataba, gharama ya kuifungua ni yake. Anakubali, angefanya nini tena? Fundi anafungua, anakuta beringi za konrodi zimesagika. Mkaguzi anatumwa. Je, beringi zimevunjika, au zimechakaa? Mikataba mingi hulipia kuvunjika na huacha nje kuchakaa. Je, mafuta ya injini yalibadilishwa kwa wakati? Zipo wapi risiti? Je, kasoro ilikuwapo kabla ya mkataba kuanza? Je, kilichoanza kuharibika ni kipuri kilichoorodheshwa, au ni gasketi ambayo haimo kwenye orodha nayo ikavujisha mafuta mpaka kipuri kilichoorodheshwa kikafa? Wakati maswali haya yakijibiwa, gari limelala gereji likiwa vipande, na mwenyewe anatafuta namna ya kufika kazini.

Nisieleweke vibaya: yapo madai yanayolipwa, na wapo watu waliookolewa na mikataba hii. Kampuni inayochukua fedha leo ikiahidi kazi ya kesho inafanya jambo linalokaribiana sana na bima, na kwa sababu hiyo majimbo mengi yalitunga sheria mahususi. Humtaka mwenye wajibu awe na akiba ya kutosha au awe ameungwa mkono na kampuni ya bima, na jina la kampuni hiyo liandikwe ndani ya mkataba. Katika majimbo mengi, mwenye wajibu asipolipa ndani ya siku 60 baada ya dai kuthibitishwa, mwenye gari anaweza kuiendea kampuni ya bima moja kwa moja. Hapo ndipo mdhamini anapopatikana, akiwa na jina na anwani.

Sheria hizo zilijifunza kwa watu walioumia. Katika mji wa Wentzville, jimbo la Missouri, ndugu wawili waliijenga kampuni iliyokuja kuitwa US Fidelis, mmoja wa wauzaji wakubwa wa mikataba hii nchini. Matangazo yake yalikuwa kila mahali. Machi 2010 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, ikiwaacha wateja waliokuwa wamelipia mikataba au waliokuwa wakidai kurudishiwa fedha baada ya kuivunja. Uchunguzi ulionyesha kwamba fedha nyingi zilikuwa zimeishia kwenye maisha ya anasa ya wenye kampuni. Ndugu hao walikiri makosa ya jinai, na mwaka 2012 wote wawili walihukumiwa kifungo.

Simu nazo hazikukoma. Mei 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilikuwa imekwisha kuzishtaki kampuni zilizowapigia watu kwa mashine, sauti iliyorekodiwa ikidai kwamba dhamana ya gari inakaribia kwisha, kana kwamba ni kiwanda chenyewe kinachozungumza. Zaidi ya miaka 10 baadaye mtindo huo ulikuwa umekua mpaka ukawa mzaha wa taifa zima. Mmarekani aliyesikia simu ikiita aliweza kubahatisha kuwa ni watu wa dhamana ya gari. Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho ilibaini kwamba mtandao mmoja wa wapigaji ulipiga simu zaidi ya bilioni 5 kwa nambari zaidi ya milioni 500 ndani ya miezi mitatu ya mwaka 2021. Agosti 2023 tume hiyo iliutoza mtandao huo faini ya karibu dola milioni 300, kubwa kuliko zote ilizowahi kutoza hadi wakati huo.

Hata hivyo, tukio lililonifundisha zaidi halihusu wauzaji wa simu. Linahusu viwanda vyenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Hyundai ya Korea Kusini, iliyokuwa na sifa mbaya ya ubora huko Marekani, iliamua kununua imani ya wateja kwa ahadi ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Ahadi ilifanya kazi, na mauzo yakapanda. Kisha zikaja injini zake za aina ya Theta II. Kiwandani, wakati wa kukata na kutoboa vyuma, vumbi la chuma lilibaki ndani ya mirija midogo inayopitisha mafuta kwenye krenki. Vumbi hilo lilizuia mafuta kufika kwenye beringi za konrodi. Beringi zikakauka, zikagonga, na injini ikaweza kuzimika gari likiwa barabarani kwa mwendo wa kasi. Septemba 2015 Hyundai ilitangaza kurejesha magari takribani 470,000 ili yakaguliwe na, inapobidi, yawekewe injini mpya bila malipo.

Idadi hiyo haikutosha. Mhandisi mmoja wa kampuni hiyohiyo, Kim Gwang-ho, aliona kwamba kampuni yake ilikuwa ikijua mengi kuliko ilivyosema. Mwaka 2016 alizipeleka habari hizo kwa mamlaka ya usalama wa barabara ya Marekani. Akafukuzwa kazi. Magari mengine mengi, ya Hyundai na ya Kia, yakaja kurejeshwa. Novemba 2020 kampuni hizo mbili zilikubali adhabu zilizofikia dola milioni 210 kwa kuchelewa kuchukua hatua, na mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilimzawadia Bwana Kim zaidi ya dola milioni 24. Kutokana na kesi ya pamoja iliyofunguliwa na wenye magari, dhamana ya sehemu za ndani za injini hizo ilirefushwa kwa maisha yote ya gari kwa wamiliki waliotimiza masharti.

Fikiria sasa mtu aliyekuwa na gari la aina hiyo na aliyekuwa akilipa kila mwezi kwa mkataba wa kampuni ya nje. Beringi zake zilisagika kwa sababu ya vumbi la kiwandani. Mkaguzi wa mkataba angeweza kumwambia kwamba hilo ni jukumu la mtengenezaji, maana mikataba hiyo kwa kawaida haigusi kazi ambayo kiwanda kinapaswa kuifanya bure. Na angekuwa sahihi. Nchini Marekani kasoro ya usalama hutengenezwa bila malipo hata kama dhamana ya kiwanda imekwisha na hata kama gari limebadilisha wamiliki watano, ilimradi halijapita umri wa miaka 15. Haki hiyo hainunuliwi kwa simu. Mwenye gari huingiza nambari ya utambulisho ya gari lake kwenye tovuti ya serikali, na jibu huja papo hapo.

Msomaji wa Kampala au Bujumbura atacheka kidogo, na simlaumu. Magari mengi ya huku yalikwisha kuendeshwa miaka mingi nchini Japani kabla hatujayapokea, na muuzaji hutuuzia gari jinsi lilivyo. Marekani nayo wanalijua jambo hilo. Tangu mwaka 1985 kila wakala anayeuza gari lililotumika hutakiwa kubandika kwenye dirisha lake karatasi inayosema kama gari linauzwa na dhamana au bila dhamana, na kama upo mkataba wa huduma unaouzwa kando. Karatasi hiyo ina visanduku vya kutia alama, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuisoma.

Julai 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitangaza kwamba kampuni ya CarShield, ambayo matangazo yake yalionyesha watu maarufu wakiisifu, imekubali kulipa dola milioni 10 kumaliza mashtaka ya kupotosha wateja. Wateja hao walikuwa wakilipa takribani dola 80 hadi 120 kwa mwezi. Kwa maelezo ya tume, matangazo yaliwafanya waamini kwamba matengenezo yote, au yale ya sehemu zilizotajwa kama injini na giaboksi, yangelipiwa. Wengi waligundua kwamba sivyo walipofika gereji. Chini ya makubaliano hayo, kampuni na watu wanaoitangaza walitakiwa waseme kweli katika matangazo yao. Mikataba yenyewe ingali inauzwa.